Hadidiski ya Dotto na daftari la madeni

SHIJA: Mwangaluka wasikilizaji, karibuni tena, mimi ni Shija niko na kaka yangu Kulwa, leo tunarekodia dukani kwake huku Makoroboi, Mwanza, kwa hiyo mkisikia honi za bodaboda na mtu wa kipaza sauti anauza sumu ya panya mvumilie tu, hatuna namna.

KULWA: Na hako kafeni kanakolia siyo kwa ajili yangu, nampulizia mgonjwa.

SHIJA: Mgonjwa mwenyewe ni hadidiski ya pacha wake, Dotto, yule mpiga picha wa Kirumba. Hayupo kujitetea so tutamsema vizuri.

KULWA: Diski ya nje, terabaiti moja, ndogo ile ya inchi 2.5. Humo kuna harusi, send-off, kipaimara, picha za dagaa za wafanyabiashara wa mwaloni...

SHIJA: Na lile faili la Excel la madeni.

KULWA: Na madeni, ndiyo. Sasa Ijumaa ikaanguka toka mezani ikiwa inazunguka, siyo juu sana, usawa wa goti. Akaichomeka, ikafunguka, akashukuru Mungu. Baadaye kufungua folda moja dakika nne, kompyuta imeganda, na ukisogeza sikio unasikia ka... ka... ka... Windows ikamwambia kuna hitilafu kwenye hii diski, unataka nirekebishe? Ndugu yangu akabonyeza ndiyo, akaenda kulala.

SHIJA: Mimi pia ningebonyeza, we si umeambiwa irekebishwe!

KULWA: Ndo hapo sasa. Ile chkdsk, yaani programu ya Windows iliyoanza kazi alivyobonyeza ndiyo, imetengenezwa kwa diski yenye afya ambayo mpangilio wa mafaili umechanganyikiwa, siyo diski inayokufa. Inasoma, inaandika juu ya mgonjwa huyohuyo, na faili ambalo haielewi ni la nani inalikatakata inalitupa kwenye folda ya found.000 kama vipande vya .CHK. Asubuhi Dotto kakuta folda ya harusi moja haipo kabisa. Mimi hiyo usiku mzima ndo inaniuma, kwa sababu diski ya hivi ina pumzi za kuhesabu, na zile nyingi zimeishia kwenye kitu kisichosaidia.

SHIJA: Hebu tueleze ile ka-ka-ka ni nini hasa.

KULWA: Ndani kuna sahani, inazunguka mara 5400 kwa dakika. Nilipiga hesabu siku moja sina wateja, ukingo wa ile sahani unakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, yaani bodaboda aliyechelewa ndege. Juu yake kuna hedi, ndo inayosoma, haigusi sahani, inaelea juu ya kahewa chembamba mno, nanomita chache tu, unywele wako ukipita hapo ni kama ule mwamba wa Bismarck wa ziwani umewekwa barabarani. Hedi ikishapata dosari inatafuta alama za njia haizioni, inarudi mwanzo, inajaribu tena. Kile kurudi ndo ka.

SHIJA: Kwa hiyo wale wanaofungua diski na bisibisi mtaani...

KULWA: Vumbi la Makoroboi hili? Aisee. Ikifika hatua ya kubadilisha hedi hiyo ni kazi ya chumba kisafi chenye hewa iliyochujwa, na inatakiwa diski nyingine ya modeli hiyohiyo ya kutoa hedi. Mimi hiyo sifanyi na nasema wazi sifanyi. Ikiwa inagonga mfululizo na kompyuta haiioni kabisa, chomoa, acha, usijaribujaribu.

SHIJA: Jirani alimwambia Dotto aifunge kwenye nailoni aiweke kwenye friji la sangara.

KULWA: Ha! Toa soda kwenye friji mchana wa Mwanza uiweke mezani, subiri dakika mbili uone majasho. Sasa hayo majasho yawe juu ya sahani. Hapana bana.

SHIJA: Haya, ya Dotto ilikuwa bado inaonekana. Ulianzia wapi?

KULWA: Nilianza kwa kutofanya kitu. Sikufungua folda hata moja. Nikawasha laptopu na Linux ya kwenye fulashi, mfumo mwingine badala ya Windows, maana ile haikimbilii kuandika kwenye diski kama sijaiamuru, nikaangalia SMART, hiyo ni kumbukumbu ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Mi naangalia namba 5, sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo ziliharibika zikahamishwa, na namba 197, sekta ambazo zimegoma kusomeka zinasubiri hukumu. Kwenye diski yenye afya 197 inatakiwa isome sifuri. Ya Dotto 312, na nilivyorudia baadaye imepanda. Hapo huongelei kurekebisha, unaongelea kuhamisha mali kabla nyumba haijadondoka.

SHIJA: Kukopi na kupesti?

KULWA: Weee! Ukikopi kawaida ikikuta sekta mbovu inang'ang'ana hapohapo, hedi inazidi kuumia, na mali nzuri iko mbele haijaguswa. Natumia ddrescue, programu ya bure kabisa. Hiyo ni kama mtu mwenye akili anayevuna shamba usiku, anachuma kwanza panapochumika, akikuta miba anaruka anaweka alama, atarudi. Inanakili diski yote kama ilivyo, sekta kwa sekta, inaingia kwenye faili moja kubwa ndani ya diski nyingine yenye afya. Halafu pembeni inaandika faili la ramani, hapa nimesoma, hapa nimeruka, hapa pameoza.

SHIJA: Na umeme?

KULWA: Hapo ndo nampenda yule aliyebuni ile ramani. Jumamosi umeme ulikata mara mbili, betri ya laptopu yangu unaijua, nusu saa imezima. Umeme ukirudi unaandika amri ileile, inasoma ramani inaendelea ilipoishia, hairudii hata sekta moja iliyokwisha kupona. Bila ile ramani unaanza sifuri, na diski haina nguvu ya kuanza sifuri. Ila angalizo, kwenye amri mgonjwa anatajwa kwanza, anayepokea anafuata. Ukiwageuza na ukalazimisha... basi, tusiongee.

SHIJA: Raundi ya kwanza ikatoa ngapi?

KULWA: Asubuhi nimekuta asilimia 98.7. Watu wanashangilia hapo, kumbe kwenye terabaiti moja hiyo iliyobaki ni kama gigabaiti 13. Zile zikachukua siku mbili, inaingia kwenye miba kidogokidogo, mara nyingine nabadilisha isome kutoka nyuma kuja mbele, maana kidonda kina pande mbili, upande mmoja unaweza kukubali. Zikabaki megabaiti 41, imegoma hapo.

SHIJA: Na ile harusi iliyofutwa na chkdsk?

KULWA: Hiyo sasa sijaigusa diski tena, nafanya kwenye nakala. Programu ya kufufua mafaili, TestDisk, haikuiona, nikatumia nyingine, PhotoRec, inatambua picha kwa namna zinavyoanza. Shida yake haijui majina, yote yanaitwa f namba ndefu. Elfu kumi na moja, bibi harusi anafuatiwa na sato, sato anafuatiwa na Askofu. Dotto anazipanga sasa kwa tarehe iliyoandikwa na kamera ndani ya picha.

SHIJA: Kuna aliyeuliza kuhusu SSD, zile diski zisizo na sahani.

KULWA: Ile haigongi, inakufa kimya, na ukifuta kitu, mara nyingi TRIM, ile amri ya kusafisha nafasi ya kilichofutwa, inakisafisha, PhotoRec inakuta peupe. Siku nyingine tuizungumze.

SHIJA: Megabaiti 41 zilikuwa nini?

KULWA: Hapo kuna kaujanja. Unatengeneza nakala ya nakala, unaiambia ddrescue ijaze yale mashimo kwa neno lolote, mimi niliandika KIDONDA, halafu unatafuta hilo neno kwenye mafaili yote. Lenye KIDONDA ndo limeoza. Mengi yameangukia sehemu tupu, mengine video moja ya kukata keki, inakwama sekunde chache.

SHIJA: Na?

KULWA: Na Excel. Niliifungua kwa programu ya maandishi. KIDONDA KIDONDA KIDONDA, mwanzo hadi mwisho.

SHIJA: Lile la madeni?

KULWA: Lile.

SHIJA: Kaka, mimi nadaiwa elfu arobaini mle.

KULWA: Ulikuwa unadaiwa.