Cadillac ya 1959: mchoraji katangulia, injinia kafuata

Mambo vipi wadau? Na wazee wote mnaotufuatilia, shikamooni. Leo niko Woodward Avenue, inayotoka Detroit kwenda Pontiac, hapa Michigan. Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Agosti, wenye magari ya zamani wanayatoa gereji na kuyatembeza barabara hii kutwa nzima. Kwa hiyo mkisikia mtu anapiga resi nyuma yangu, mnivumilie, ndiyo shughuli yenyewe.

Yapo magari kibao, lakini leo nawaonyesha moja tu. Cadillac Coupe de Ville ya 1959. Si pinki, jamani, najua mlikuwa mnasubiri pinki. Hili ni jeupe. Mwenyewe ni mzee mmoja mstaafu, kaniruhusu nizunguke nalo na kamera, ila kanipa sharti moja: nisiegemee nikeli, hivi vyuma vinavyong'aa.

Haya, njooni huku nyuma. Haya mapezi mawili, ncha yake inanipita kiunoni. Ukigusa huku mwishoni ni chuma kikavu, chembamba, kinatosha kumjeruhi mtoto akikimbia. Katikati ya kila pezi zimechomoza taa mbili nyekundu zenye ncha, kama risasi. Sasa swali la fundi yeyote: yanafanya kazi gani? Jibu: hakuna. Hayalishiki gari likiwa kwenye mwendo, hayapoozi injini, hayaongezi nafasi ya mizigo. Yamewekwa yaangaliwe.

Mapezi yalianza kwenye Cadillac ya 1948, madogo tu. Mkuu wa ubunifu wa General Motors (GM), kampuni inayomiliki Cadillac, Harley Earl, alikwenda na vijana wake kuiona ndege ya kivita ya Lockheed P-38, ile yenye mikia miwili, wakatoka pale na wazo. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia likaingia kwenye gari. Watu wakalipenda, na kila toleo jipya likapandishwa kidogo.

Yalifikaje urefu huu? Hapa kuna kisa kitamu. Agosti 1956, mbunifu kijana wa GM anaitwa Chuck Jordan katoka kazini mchana na gari lake, akapita karibu na yadi ya wapinzani wao, Chrysler. Kuchungulia kwenye uzio, anaona magari ya 1957 yamepangwa, bado hayajazinduliwa. Yako chini, membamba, mapezi yamesimama. Karudi mbio kuwaita wenzake nao wakajionee. Wakati huo wao walikuwa wanachora magari ya 1959 manene, mazito, yamejaa nikeli, kwa sababu bosi wao, Earl, ndivyo alivyotaka. Na bosi alikuwa safarini Ulaya. Basi vijana wakaweka michoro ya bosi pembeni na kuanza upya. Earl aliporudi, badala ya kuwafukuza, akakubali. Mimi kwa kweli nilitegemea watu wafutwe kazi.

Sasa mafundi wangu, hapa ndipo nilipotaka tufike. Wabunifu walitaka gari liwe chini. Lakini gari lina fremu, lina propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma), na juu yake kuna watu wazima wamevaa kofia. Utalishusha vipi?

Fremu tuliyoizoea ina mihimili miwili mirefu, mmoja kila upande, na vyuma vya kukatiza kati yake. Sakafu inakaa juu ya hiyo mihimili, kwa hiyo na wewe unakaa juu. Cadillac kuanzia 1957 wakaiondoa mihimili ya pembeni kabisa. Fremu ikawa na umbo la X: imebanwa katikati, propela shafti inapita humo humo kwenye kiuno chake, halafu inatanuka mbele na nyuma kushika magurudumu. Pembeni hakuna chuma cha kuzuia, basi sakafu ikashushwa, viti vikashuka, na paa likashuka. Tazama nikikaa hapa, miguu yangu iko chini kabisa. Mchoraji kapata alichotaka.

Bei yake? Gari likikugonga ubavuni, kati yako na hilo gari kuna mlango tu. Ford hawakunyamaza, waliinadi fremu yao yenye mihimili ya pembeni kwa hoja hiyo hiyo. Cadillac wenyewe waliiacha X kwenye magari yao ya kawaida mwaka 1965.

Kuna watu mtaandika kwenye maoni kwamba magari ya zamani yalikuwa chuma kweli, ya sasa ni makopo. Taasisi ya usalama inayolipiwa na kampuni za bima hapa Marekani ililijibu hilo mwaka 2009. Wakachukua Chevrolet Bel Air ya 1959, nayo ina fremu ya X, wakaigonganisha uso kwa uso, upande wa dereva, na Chevrolet Malibu ya 2009, kwa kilomita 64 kwa saa. Madereva walikuwa masanamu; wangekuwa watu, wa Malibu angeumia mguu. Wa Bel Air angekufa pale pale, maana usukani na dashibodi vilimfuata kwenye kiti. Video ipo, itafuteni.

Nisiwaonee wahandisi lakini. Fungua boneti: V8, yaani silinda nane, ya lita 6.4, nguvu za farasi 325 kwa vipimo vya enzi hizo, yaani injini ikipimwa peke yake bila vifaa vinavyoinyonya nguvu. Mzee kaiwasha, inanguruma taratibu, unaweza kuongea juu yake bila kupaza sauti. Gia ni otomatiki, Hydra-Matic ya hatua nne. Usukani wa pawa ulikuja nalo toka kiwandani. Na hiki kidude juu ya dashibodi kinaitwa Autronic Eye: usiku kikiona taa za gari linalokuja, kinashusha taa zako za full chenyewe. Mwaka 1959, wadau!

Breki ndizo zinanitia wasiwasi. Ni za drum, si za diski, magurudumu yote manne, kwenye gari la zaidi ya tani mbili, urefu mita 5.7, kumpita kipanya cha Mbagala. Na mfumo wa mafuta ya breki ni mmoja: paipu moja ikipasuka, pedali inazama hadi sakafuni. Mfumo wa njia mbili Cadillac waliuweka 1962.

Petroli msiulize. Mzee anasema lita moja haimfikishi hata kilomita sita. Mwaka lilipotoka, galoni nzima ilikuwa kama senti 30 za dola, nani angejali?

Na hapana, siwezi kuwatumia Dar. Usukani uko kushoto, na ushuru wa uchakavu mnaujua wenyewe.

Ehe, subirini, geuza kamera. Ile ya kijani inayoegeshwa pale ni Plymouth ya 1957, gari la kampuni ya Chrysler, zile zile alizochungulia Jordan. Gia zake ni za kubonyeza, vitufe viko kushoto mwa usukani, na hakuna P, ile gia ya kuegesha, kabisa, ukisimama ni hendibreki tu. Ngoja nikamwombe mwenyewe afungue mlango.