Picha Safi, Tumbo Bado Lauma

MWANAMISI: Assalaamu alaykum wasikilizaji wetu wa Lamu, Mpeketoni, Malindi na kwengineko. Leo twaingia moja kwa moja. Msikilizaji wa Mkomani katutumia ujumbe wa sauti: kila akiingia mwezini hawezi kusimama, na akienda haja kubwa siku hizo hutokwa na machozi. Kapigwa picha ya ultrasaundi, kaambiwa tumbo safi. Bi Rukia, mpiga picha wetu wa ultrasaundi, kazi yako hiyo.

BI RUKIA: Waalaykumu ssalaam. Kwanza nataka kujua ilikuwa picha gani. Kama ni ile ya juu ya tumbo, kibofu kimejaa maji, dakika tano akapewa karatasi, basi ameambiwa mji wa mimba uko mahali pake na hakuna uvimbe mkubwa. Endometriosisi haikutafutwa hapo.

MWANAMISI: Wapo wanaolisikia jina hilo leo.

BI RUKIA: Ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba, lakini imeota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo, hata kibofu. Shirika la Afya Duniani lakadiria mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Huku kwetu yote huitwa chango, na dawa yake, "ukizaa litaondoka."

MWANAMISI: Nimezaa watatu, halijaondoka!

BI RUKIA: (anacheka) Haya. Picha inayofaa ni ya ndani. Mama anakwenda msalani kwanza, kibofu kiwe kitupu. Kijiti cha mashine chavalishwa kondomu na jeli, kisha chaingizwa ukeni polepole. Kwenye ovari natafuta mfuko wa damu ya zamani. Kwenye skrini ni kijivu cha aina moja toka ukingo hadi ukingo. Huo hauna taabu kuuona.

MWANAMISI: Na kama haupo?

BI RUKIA: Hapo ndipo wengi huzima mashine, na hapo ndipo kazi huanza. Nasukuma taratibu, huku mkono wa pili uko juu ya tumbo, nitazame kama mji wa mimba na utumbo vyateleza. Visipoteleza, vimeshikana kama vilivyotiwa gundi. Naigusa ovari nione kama yasogea. Namuuliza, "Hapa?" Akishtuka, sitoki hapo, natafuta kinundu cheusi nyuma ya mlango wa uzazi na kwenye ukuta wa utumbo. Utaratibu huu wataalamu wa IDEA, kundi la kimataifa la kuchunguza endometriosisi kwa picha, waliuandika mwaka 2016. Mwisho napanda kwenye figo, maana vinundu vyaweza kubana mrija wa mkojo na figo ikafa bila mtu kuumwa.

MWANAMISI: Subhanallah. Na binti ambaye hajaolewa?

BI RUKIA: Haingizwi ukeni. Apigwe ya juu ya tumbo, au kwa njia ya nyuma akiridhia mwenyewe, si mamake kumridhia. Au MRI, picha ya mashine ya sumaku, ambayo kwa mtu wa kisiwani ni boti hadi Mokowe, halafu barabara.

MWANAMISI: Sasa akipigwa hiyo ya ndani, na mtu anayejua, ikatoka safi?

BI RUKIA: Bado yaweza kuwepo. Vidoa vya juu juu kwenye utando wa tumbo kwa kawaida ultrasaundi haivioni. Zamani ilikuwa lazima upasuaji wa matundu madogo ndipo uamini. Mwongozo wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, wa mwaka 2022 umelegeza hapo: daktari aweza kuanza dawa kwa dalili tu, hata picha ikiwa safi. Mimi sipendi kabisa neno "safi" kwenye ripoti. Andika ulichokitazama na usichokitazama.

MWANAMISI: Dada wa Mkomani afanye nini, basi?

BI RUKIA: Arudi kwa daktari, ahakikishe fomu ya kuombea picha haisemi "maumivu ya tumbo" tu. Iandikwe: yaja na hedhi, yaja na haja kubwa, na kama yapo wakati wa tendo la ndoa, pia. Mpiga picha akiyasoma hayo, ajua pa kutafuta.

MWANAMISI: Hilo la tatu atalisemaje mbele ya daktari mwanamume?

BI RUKIA: Aliandike kwenye kijikaratasi, ampe. Daktari anajua kusoma.