Siku 90 Kabla ya Kuishtaki Halmashauri

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wa hapa Kigoma Mjini na ninyi mliotoka Uvinza, Buhigwe na Kasulu, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nieleze namna mwananchi anavyoweza kuzishtaki serikali za mitaa, nami nitaanza na barua ya notisi, yaani ile ya kuiarifu halmashauri kwamba utaishtaki, kwa sababu katika kazi yangu ya uwakili nimeona mashauri mengi ya aina hii yakifia kwenye barua kabla jaji hajasikia neno lolote kuhusu shamba au kibanda kilichobomolewa.

Tuchukue mfano. Halmashauri inasafisha eneo la kujenga kituo cha afya, na katika kusafisha huko inang'oa michikichi kumi na miwili ya mzee mmoja ambaye hakuitwa kwenye kikao wala hakulipwa. Mzee anamjua mkurugenzi, anamjua mtendaji wa kata, na hasira zake zote zinaelekea kwao. Kisheria, hata hivyo, wa kudaiwa ni halmashauri yenyewe, kwani sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, yaani Sura ya 287 kwa wilaya na Sura ya 288 kwa miji, zimeipa nafsi yake: inamiliki mali, inaingia mikataba, inashtaki na inashtakiwa kwa jina lake. Halmashauri ya kijiji nayo ina nafsi hiyo. Na kama michikichi ingeng'olewa na greda la barabara, mzee angepaswa kwanza kuuliza greda ni la nani, maana tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo siyo halmashauri.

Sasa barua. Zamani notisi ya kuishtaki halmashauri ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliirefusha hadi siku 90, sawa na ile ya kuishtaki Serikali Kuu, na yakataka nakala zake zipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Barua ieleze nani anadai, amefanyiwa nini, lini, wapi, na anataka nini. Mdai anayeandika "nimeonewa sana na nitakwenda mahakamani" ameandika malalamiko, na notisi bado hajaitoa.

Halafu kuna hesabu ya siku, ambayo imewaponza hata mawakili. Siku ya kupokewa haihesabiwi. Barua ikipokewa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4. Machi itatoa siku 28, Aprili 30, Mei 31, jumla 89, na siku ya 90 itakuwa tarehe 1 Juni. Shauri lifunguliwe kuanzia tarehe 2 Juni. Na ushahidi wa kupokewa ni muhuri wa masjala kwenye nakala yako, wenye tarehe inayosomeka. Niliwahi kumwakilisha mama mmoja mfanyabiashara ambaye barua yake ilipokewa kwa mdomo na karani mwenye heshima zote. Tulipofika mahakamani liliwekwa pingamizi la awali, nasi hatukuwa na cha kuonyesha. Shauri likaondolewa. Kuondolewa siyo kutupwa moja kwa moja, kwa kuwa unaweza kurekebisha kasoro na kurudi, lakini iwapo tu muda wa kisheria wa kufungua madai haujakwisha.

Hapo kwenye muda ndipo penye mtego. Madai ya mkataba yana miaka sita, madai ya madhara yasiyotokana na mkataba miaka mitatu, ardhi miaka kumi na miwili. Ila fidia kwa jambo linalodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa ina mwaka mmoja tu, na halmashauri hufanya karibu kila kitu kwa mujibu wa sheria fulani. Mzee wa michikichi akikaa miezi kumi akisubiri kikao cha madiwani, siku 90 hazimwenei tena.

Marekebisho hayo ya 2020 yalifanya mambo mengine mawili. Mwanasheria Mkuu ni lazima aunganishwe kama mdaiwa, na asipounganishwa mwenendo wote wa shauri unaharibika. Tena shauri sharti lifunguliwe Mahakama Kuu. Nasema wazi kwamba hili la pili naliona ni zito mno kwa mwenye kibanda cha dagaa, ambaye zamani madai yake yangeishia mahakama ya wilaya. Wenye umri wangu mnakumbuka tulivyopanda treni kwenda Tabora kufuata Mahakama Kuu. Leo ipo hapa Kigoma, lakini kwa mtu wa Kakonko bado ni safari.

Hata hivyo tusisahau tulikotoka. Kuna wakati hukuweza kuishtaki Serikali bila ruhusa ya waziri, hadi mwaka 1993 ambapo Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka Arusha, ilisema sharti hilo linakiuka Katiba. Notisi ya siku 90 iliingia mwaka uliofuata kuchukua nafasi ya ruhusa hiyo.

Mtu ataniuliza: tingatinga likija kesho, nisubiri siku 90? Hapana. Mahakama Kuu inaweza kuombwa zuio la muda hata kabla notisi haijaisha. Mawakili huliita Mareva, kwa jina la kampuni ya meli iliyofungua shauri katika mahakama ya Uingereza mwaka 1975. Na kama kinachopingwa ni uamuzi, kwa mfano kufutiwa leseni bila kusikilizwa, njia ni mapitio ya mahakama, yaani kuiomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi huo, ambayo kibali chake huombwa ndani ya miezi sita.

Kuhusu kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, nitasema kwa ufupi: dalali wa mahakama hatakamata gari la halmashauri. Hukumu hupelekwa kwa hati rasmi, kisha malipo hufuatiliwa ofisini, na ufuatiliaji huo nao unahitaji subira.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Waliokuja na barua zao wabaki, tutazisoma moja moja, tukianza na mihuri.