Ramani ya Julai, Maji ya Januari

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi

Jambo zenu, wababa na wamama, wazee wetu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kama watu walio tayari kukimbia. Ingieni, viti vipo.

Nimeombwa niseme juu ya viwanda na ardhi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana nimeishi nalo miaka mingi kuliko nilivyoishi na mke wangu.

Nilikuwa kijana, msaidizi wa mpima ardhi. Mwezi wa 7 tulitumwa nje ya mji kupima mahali ambapo tajiri mmoja alitaka kuweka karakana na ghala. Tulikuta uwanda wa majani makavu, bila mti, bila nyumba, umelala sawa kama meza. Tulifurahi. Ndani ya msitu wa miombo unafyeka njia kwa panga tangu asubuhi ili uone kigingi kimoja tu. Pale saa 6 mchana kazi ilikuwa imekwisha, tukala bukari, ugali wetu, kivulini mwa gari. Kwenye ramani, kwa mkono wangu huu, nikaandika: ardhi tupu. Mwezi wa 1 mwenyewe akatuita kwa hasira. Vigingi vyetu vilikuwa majini, na juu ya kimoja alikuwa ametua ndege wa kuvua samaki.

Wazee hapa wameshacheka, kwa hiyo wanajua. Lile lilikuwa dembo, uwanda unaojaa maji wakati wa mvua. Dembo halina miti, na si kwa sababu mtu wa makala, mchoma mkaa, amepita. Maji hukaa chini ya udongo wake miezi mingi, mizizi ya muombo inakosa hewa, basi mti hauoti tangu zamani. Mvua yetu ya Lubumbashi ni kama milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Machi. Dembo huipokea, huifyonza, kisha huiachia polepole. Ukiona kijito bado kina maji mwezi wa 8, fuata kinakotoka, mara nyingi utafika kwenye dembo. Vijito hivyo vinaingia mto Lubumbashi, Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu unaingia Luapula.

Sasa mfikirie mtu anayetafuta mahali pa kiwanda. Anataka tambarare. Anataka pasiwe na miti ya kung'oa wala watu wa kulipa fidia. Na anakuja kutazama wakati wa kiangazi, maana ndipo gari linapita. Mahali pa namna hiyo, wakati huo wa mwaka, pana jina moja tu, nanyi mmeshalisikia.

Neno hili «ardhi tupu» lina ukoo wake. Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji aliyeishika Kongo, ulitoa amri kwamba ardhi zote zilizo tupu ni mali ya Serikali. Angalieni mwezi: hata hao waliandika mwezi wa 7! Tupu kwa macho ya nani? Shamba lililopumzishwa miaka kumi ili msitu ulirudishie nguvu lilionekana tupu. Mahali pa kuokota viwavi na uyoga palionekana tupu. Baada ya uhuru, sheria ya 20 Julai 1973 ikasema ardhi yote, chini ya miguu ya kila mtu, ni ya Serikali. Sitagombana na sheria hiyo leo. Ninachosema ni kwamba tabia ya kutazama ramani, kuona peupe, na kusema «hapa hakuna kitu» ina umri wa miaka zaidi ya 140, na haikuzaliwa hapa.

Upepo nao una ramani yake. Kiangazi upepo wetu hutoka kusini-mashariki. Aliyewahi kuanika unga wa mihogo anaujua. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyusha shaba likaanza kazi. Kwa hiyo mji na moshi ni ndugu waliofuatana kuzaliwa. Kwa miongo mingi bomba la moshi la tanuru lile lilitoa hewa ya kiberiti na vumbi lenye shaba, kobalti, zinki, risasi, na upepo ukavipeleka upande mmoja: kaskazini-magharibi. Kiberiti kiliua miti, mvua ikabeba udongo wa juu, metali zikabaki. Nendeni Penga Penga, upande huo wa moshi, mkaone. Kuna sehemu ambazo ardhi iko uchi, na majani yanayothubutu kuota ni yale yanayovumilia shaba.

Kitu kinachoniuma zaidi ni hiki. Wakoloni walijua vizuri kuacha nafasi tupu kati ya kitu na kitu. Kati ya mji wa wazungu na Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, waliacha ukanda wa mita mia kadhaa usiojengwa. Sababu waliyoitoa ilikuwa mbu: yule aliyemuuma mweusi asifike kwa mzungu. Walihesabu hata nguvu za mabawa ya mbu! Lakini kati ya bomba na kambi ya wafanyakazi hawakuhesabu mita hata moja. Mfanyakazi alitakiwa kulala karibu ili awahi zamu. Mji huu ulifundishwa kuweka ukanda wa kutenga watu na watu, haukufundishwa kuweka ukanda wa kutenga watu na sumu.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu 351 hapa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti mara 43 kuliko wastani wa watu wa Marekani. Na sisemi habari za wachimbaji. Nasema waliokaa tu pale, wakala mboga ya lenga-lenga ya pale, wakafagia vumbi la pale. Watoto ndio walionekana wamebeba zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia kiwanda kipya kitaachiwa mita 100 za majani kuzunguka ukuta wake, namuuliza kama anatengeneza bustani au kinga.

Kijana pale nyuma amenyosha mkono tangu zamani. Sema, mwanangu. ... Anauliza: «Baba, kwa hiyo kazi tutapata wapi? Tusijenge kiwanda?»

Hapana, tujenge. Mimi ni mtoto wa mji huu. Niliona mgodi wa Kipushi ukifungwa mwaka 1993, niliona mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, wakipewa hesabu yao ya mwisho na kwenda nyumbani. Najua nyumba isiyo na mshahara inanuka nini. Na kama shaba inatoka hapa, afadhali iyeyushwe hapa kuliko kupita mpaka wa Kasumbalesa kwenye malori ikiwa mawe. Ninachobishana nacho ni mpangilio wa kuchora. Siku hizi kiwanda huchorwa kwanza, halafu kinachobaki kinaitwa mazingira. Mimi nataka kwanza tuchore kile ambacho tukikiharibu hakirudi, kisha kiwanda kichague katika kilichobaki. Na kilichobaki ni kikubwa, msiogope.

Kisichorudi ni nini? Dembo nimeshalisema. Maji ya chini ya ardhi pia: sehemu kubwa ya mji inakunywa maji ya visima na ya mabomba yaliyochimbwa, na mawe ya chini yetu mengi ni ya namna ya chokaa, yenye nyufa na mapango. Asidi ikiingia kwenye ufa huwezi kuikimbilia na ndoo. Jirani zetu wa Zambia wanajua. Februari 2025, karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulipasuka, lita zipatazo milioni 50 za maji yenye asidi zikaingia kijitoni na kufika mto Kafue. Samaki walielea, na Kitwe, mji mkubwa, ukakatiwa maji ya bomba. Bwawa hilo liliwekwa mahali ambapo likishindwa, maji yana njia moja tu ya kwenda. Hilo ni kosa la ramani kabla ya kuwa kosa la ukuta.

Halafu kuna vilima vya shaba, na hapa naombeni uvumilivu kidogo, maana napapenda. Mnajua vile vilima vyenye kichwa cha upara katikati ya miombo? Tena bila miti, tena mtu ataandika «tupu». Upara ule ni shaba yenyewe, inayoua miti, na juu yake imeota mimea ambayo kwingine duniani haipo. Kuna ua moja dogo la zambarau, Haumaniastrum katangense, linalopenda udongo wenye shaba kiasi kwamba wachimba historia walilifuata wakagundua mahali pa matanuru ya wazee wetu. Kuna mmea mwingine mdogo, Crepidorhopalon perennis, ambao wataalamu waliukuta Kalukuluku tu, pale pale kwenye mgodi wa Étoile. Mahali pamoja duniani! Ugumu wake unaonekana: mmea umekaa juu ya kile hasa ambacho mchimbaji anakitaka. Siwezi kuwadanganya kwamba kila kilima kitaachwa. Lakini kiwanda, ghala, bwawa, barabara ya malori, hivyo havihitaji kukaa juu ya shaba. Vinakaa pale kwa uvivu tu.

Basi viende wapi? Viende kwanza kwenye ardhi ambayo tumekwisha kuiharibu. Tunayo: kando ya reli, kuzunguka karakana zilizokufa, penye mabaki meusi ya tanuru. Umeme upo karibu, njia ipo. Wanasema ardhi hiyo ni ghali kuisafisha. Sudbury, huko Kanada, viwanda vya nikeli vilichoma vilima vikawa vyeusi. Tangu 1978 wanamwaga chokaa na kupanda, na miti imerudi kwa mamilioni. Hapa kwetu watu wa kilimo wa chuo kikuu walifanya hivyo Penga Penga: chokaa, mboji, na nyasi yetu wenyewe inayovumilia shaba. Sumu haikuondoka, lakini nyasi ilishika udongo usiruke. Mwenye kiwanda akitua hapo alazimishwe kuanza na kazi hiyo, kabla ya tofali la kwanza. Na wanaokaa hapo wahamishwe kwa haki, si kwa tingatinga.

Sheria zipo, sitawachosha nazo. Ile ya 1973 inataka uchunguzi wa haki za watu kabla ya kutoa ardhi ya vijijini. Ile ya 9 Julai 2011 ya mazingira inataka utafiti wa athari na wananchi waulizwe. Nimesoma tafiti kadhaa za namna hiyo. Tazameni picha zake. Majani yote ni makavu.

Mama mmoja hapa mbele ananong'ona, nimemsikia: «Hata ukanda wa kinga wataujenga». Ni kweli, mama. Ardhi isiyo na mtu wa kuililia inageuka parseli, viwanja vya kujenga, usiku mmoja. Na tuseme ukweli wote: msitu wa kuzunguka mji huu haukuliwa na viwanda peke yake, umeliwa na mabrazero yetu, majiko ya makala, gunia kwa gunia. Kwa hiyo ukanda wa kinga upewe watu wenye faida nao. Miombo hutoa asali, matunda ya masuku, viwavi. Ule uyoga mnaouona umepangwa kando ya barabara wakati wa mvua unaishi na mizizi ya miti hiyo. Huwezi kuupanda kwenye shamba, ukikata mti umekata na uyoga. Kijiji chenye haki ya kuvuna hivyo kwa maandishi kitalinda mpaka vizuri kuliko ubao wenye maneno «ni marufuku». Lakini, na hapa sikilizeni, mavuno hayo yawe upande ambao upepo hautoki kiwandani. Upande wa moshi uwekwe miti tu, usivunwe chakula.

Nimekuja na ramani ya eneo la kusini-mashariki ya mji, ile iliyo mezani karibu na mlango. Ni nakala, msiogope kuichafua. Nimeweka na penseli za bluu. Mwenye shamba huko, au aliyezaliwa huko, aliyewahi kuvusha baiskeli kichwani mwezi wa 1, aende achore mahali maji yalipomfika. Magotini, chora mstari mmoja. Kiunoni, miwili. Mimi nitakuwa hapo hadi taa zizimwe.