Kijiwe Kilitangulia Katiba: Lugha za Mitaani na Utaifa wa Afrika Kusini

Walimu wangu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Vijana wa huko nyuma, mambo vipi. Mada mmeisoma mlangoni, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Sikuja na orodha ya maneno. Orodha kila mtu anayo. Mtu akikaa Johannesburg wiki moja atarudi na "lekker", na "eish", na "braai", atawasimulia kwamba wenzetu taa za barabarani wanaziita "robot", mtacheka, na mtadhani mmeijua Afrika Kusini. Ninalotaka kuwaambia, na wapo humu walionisikia nikilisema mpaka wamechoka, ni kwamba watu wa nchi ile walianza kuwa taifa kwenye vijiwe, kwa lugha ambazo hakuna serikali iliyozitaka, miaka mingi kabla hawajapata katiba. La pili ni kwamba lugha hizo hizo, siku zikiwekewa mlinzi mlangoni, zinaua watu.

Nianze na Kiafrikana, maana hapo ndipo watu hunikatalia. Huniambia: hiyo ni lugha ya makaburu, ina sarufi, ina kamusi, ina Biblia, inaingiaje kwenye habari za mitaani? Inaingia kwa sababu ilizaliwa huko. Wadachi, yaani Waholanzi, walipojenga kituo chao Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, hawakukaa peke yao. Waliwakuta wenyeji, Wakoikoi, kisha wakaleta watumwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji. Watu hao wote walilazimika kuzungumza Kidachi cha bwana, nao wakakizungumza kwa namna yao: minyambuliko ya vitenzi wakaiacha, maneno yao wakayaingiza. Waungwana wa mjini waliidharau lugha hiyo, wakaiita lugha ya jikoni.

Sasa watu wa pwani mlioko humu nisikilizeni vizuri. Miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiafrikana kuna yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Waislamu wa Cape Town, wajukuu wa watumwa, waliwafundisha watoto wao dini kwa lugha hiyo madrasani, kama wazee wetu wa Lamu na Pate walivyoandika tenzi zao kwa herufi hizo hizo. Mwanachuoni Abu Bakr Effendi, aliyepelekwa kule na dola ya Uthmaniya, alitunga kitabu cha fiqhi kwa Kiafrikana cha Waislamu wale, kikachapishwa Istanbul mwaka 1877. Wakati huo wazungu wengi wenye heshima zao walikuwa bado wanaona haya kukiandikia barua! Mimi hili sichoki kulirudia, kwa sababu vitabu vingi vya shule vinaisimulia Kiafrikana kana kwamba ilishuka na wakulima wa Kizungu kwenye magari ya ng'ombe.

Na wazungu walifanya nini? Mwaka 1875, mjini Paarl, wazungu wachache waliunda chama cha kuitetea lugha hiyo, wakakiita Chama cha Waafrikana wa Kweli. Huyo "wa kweli" ndiye mlinzi ninayemsema. Ukishamtaja wa kweli, umeshamtoa mtu nje. Mwaka 1925 Kiafrikana kikawa lugha rasmi. Mwaka 1956 wajukuu wa wale watumwa, waliopachikwa jina la "Coloured", wakafutwa kwenye daftari la kawaida la wapiga kura. Mwaka 1966 mtaa wao wa District Six, katikati ya Cape Town, ukatangazwa kuwa wa wazungu, nao wakahamishiwa kwenye tambarare za mchanga nje ya mji. Lugha waliyoitengeneza wao ndiyo iliyotumika kuandika amri za kuwafukuza. Mwezi Oktoba 1975 mnara mkubwa wa kuitukuza lugha hiyo ukafunguliwa kilimani Paarl. Miezi minane baadaye, tarehe 16 Juni 1976, watoto wa Soweto wakaandamana kukataa kufundishwa hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiafrikana, na polisi wakawapiga risasi.

Nimekaa sana hapo na sijutii, kwa sababu asiyeielewa safari hiyo hataelewa kilichotokea Sophiatown.

Sophiatown ilikuwa mtaa wa Johannesburg ambako Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja, jambo la nadra sana. Kwa hiyo walijazana humo Wazulu, Wasotho, Watswana, Waxhosa, Wahindi, Wachina, machotara, na watu waliotoka nje ya nchi. Vijana wa humo waliunda lugha yao, Tsotsitaal, wengine wakiiita Flaaitaal: mifupa yake Kiafrikana, nyama yake Kizulu, Kisotho na Kiingereza. Najua pingamizi linalokuja, limeshakaa midomoni mwa walimu wangu hapa mbele. Tsotsi maana yake ni mhuni, jambazi, kwa hiyo hii ni lugha ya wezi. Ni kweli, magenge yaliizungumza, na wapo walioibiwa na kuchomwa visu na watu walioizungumza. Lakini haikubaki kwa wezi. Iliwaingia wanamuziki, makuli, wanafunzi na wauza magazeti, kwa sababu ilimpa kijana kitu ambacho serikali ilikuwa inamnyang'anya kwa nguvu zote, yaani namna ya kuwa mtu wa mji bila kuulizwa kabila lake. Katika lugha ile watu walikuwa aina mbili. Kuna "clever", mjanja aliyeujua mji, na kuna "moegoe", mshamba aliyeshuka jana. Mzulu aliweza kuwa clever na Mtswana pia. Tafadhali mkumbukeni huyo moegoe, maana nitamrudia.

Serikali iliufahamu mchezo huo vizuri. Tarehe 9 Februari 1955 polisi wapatao 2,000 waliingia Sophiatown wakaanza kuwahamisha watu. Kwenye kuta za mtaa na kwenye midomo ya watu kulikuwa na maneno haya: "Ons dak nie, ons phola hier." Hatuondoki, tunakaa hapa hapa. Ni maneno ya Tsotsitaal, na mifupa yake ni ya Kiafrikana. Mtu anamkatalia kaburu kwa lugha ya kaburu aliyokwisha kuifanya yake. Walihamishwa hata hivyo, wakapelekwa Meadowlands, na kule wakapangwa kwa makabila: Wazulu upande wao, Wasotho upande wao, na shule zao mbalimbali. Sophiatown ikabomolewa, wakajengewa wazungu mtaa uliopewa jina la Triomf, yaani ushindi. Jina la zamani lilirudishwa mwaka 2006.

Ndugu zangu, kuwapanga watu kwa lugha haikuwa kazi ya usimamizi wa nyumba tu. Sheria ya mwaka 1970 ilimfanya kila Mwafrika kuwa raia wa bantustani fulani, yaani eneo lililotengewa kabila moja, na lugha yake ilikuwa moja ya vigezo. Transkei ilipotangazwa kuwa nchi "huru" Oktoba 1976, mtoto wa Soweto ambaye kwao walizungumza Kixhosa aligeuka mgeni mahali alipozaliwa, hata kama Transkei hajawahi kuiona. Ndiyo maana hasira hunipanda nikisikia msomi akisema lugha za mitaani ni uchafuzi wa lugha za mama. Makaburu ndio walioshika bango la usafi wa lugha za mama! Mtoto aliyechanganya Kizulu na Kisotho katika sentensi moja alikuwa anaibomoa mipaka ya bantustani mdomoni mwake, ajue asijue. Baada ya 1976 vijana wa Soweto walizidi kukipunguza Kiafrikana, ikashika nguvu lugha nyingine ya mitaani, Iscamtho, yenye mifupa ya Kizulu au ya Kisotho, ikaingia baadaye kwenye muziki wa kwaito na kwenye televisheni.

Hapa Morogoro hatuwezi kulipita hili kama habari za mbali. Wengi wa waliotoroka baada ya 1976 walifika kwetu, na chama chao cha ANC kiliwajengea shule Mazimbu, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Sheria ya kwao iliwaandika kama raia wa bantustani mbalimbali. Mazimbu walisoma darasa moja.

Sasa nimrudie moegoe.

Taifa jipya lilipopatikana, katiba ya mwaka 1996 ikatambua lugha rasmi 11, na lugha ya alama ikawa ya 12 mwaka 2023. Wimbo wa taifa una lugha tano, na sehemu yake ya kwanza ni utunzi wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897, ule ule tunaouimba sisi kama Mungu Ibariki Afrika. Hayo mnayajua. Lakini jina ambalo watu wenyewe huiitia nchi yao kwa mapenzi, Mzansi, halikutoka bungeni. Limetokana na neno la kusini katika Kixhosa, mitaa ikalinyoa likakaa vizuri mdomoni, na mwaka 2004 mabenki yakaliazima kuipa jina akaunti ya watu wa kipato cha chini. Nchi ikawa na jina la kijiweni. Mimi hilo nalishangilia.

Nisichoweza kukishangilia ni neno jingine la kijiwe hicho hicho: "makwerekwere". Ni jina la kumdhalilisha Mwafrika aliyetoka nchi nyingine, linaloigiza lugha yake kama kelele zisizo na maana. Huyo ndiye moegoe wa leo. Fikirini linawatukana nani. Mji wa Johannesburg ulijengwa juu ya dhahabu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya nusu ya wachimbaji wa dhahabu hiyo walitoka nje ya Afrika Kusini: Malawi, Msumbiji, Lesotho. Wanyakyusa wetu nao walikwenda, kupitia Wenela, shirika lililoandikisha wachimbaji, mpaka tulipopata uhuru. Watu hao walichangia kuijenga mitaa ambamo lugha zile zilipikwa. Halafu tarehe 11 Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zikaanza Alexandra, mtaa wa Johannesburg wenye mchanganyiko kama Sophiatown, zikaenea mikoani. Watu 62 waliuawa. Makundi yaliwasimamisha watu na kuwauliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Aliyejua kusema "indololwane" alipita. Mgeni anajifunza upesi salamu, bei na matusi, lakini ni nani anayefundishwa kiwiko? Na katika hao 62, watu 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Kwa mujibu wa sensa ya 2022, wanaozungumza Kizulu nyumbani ni asilimia 24.4. Kwa hiyo mtihani ule ungeweza kumwangusha mwenye nchi mwenyewe.

Mtu ataniambia wale walikuwa wahalifu wachache, tusiilaumu lugha. Silaumu lugha. Lakini wahalifu wale hawakuubuni mtihani wao. Mwaka 1998 shirika la haki za binadamu, Human Rights Watch, lilikwisha kueleza jinsi polisi walivyokuwa wakiwakamata watu waliodhaniwa ni wageni kwa kuangalia rangi yao, alama zao za chanjo na matamshi yao. Serikali ya kidemokrasia ilimweka mlinzi mlangoni, umma ukamwiga.

Muda unanitupa mkono, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mambo ya Durban na Kiingereza cha Wahindi wa kule nayaacha. Matangazo ya bia na simu yanayookota maneno ya vijana na kuyafanya "utaifa" nayaacha pia. Nitasema tu kwamba Siku ya Urithi, 24 Septemba, imekaribia kugeuka siku ya kuchoma nyama, na nyama choma haijawahi kumuuliza mtu Sophiatown ilibomolewa kwa nini. La kutia moyo ni kwamba mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Western Cape kilishiriki kuzindua mradi wa kamusi ya Kaaps, Kiafrikana cha wale wa Cape Town niliowataja. Watunzi wa kamusi hiyo wana kazi ngumu, kwa sababu kamusi nayo huweza kugeuka kuwa "ya kweli".

Na Sheng, kwa kuwa najua itaulizwa. Vijana wa Nairobi wameunda lugha inayovuka makabila, na ninaiheshimu. Lakini Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, miezi minne kabla ya Alexandra, kwenye vizuizi vya barabarani kule Bonde la Ufa, watu walikuwa wakikaguliwa vitambulisho ili majina yao yataje kabila lao. Sheng ilikuwepo miaka mingi kabla ya siku hizo. Anayeniambia Sheng peke yake itawaunganisha Wakenya, namuomba aisome kwanza Mei ya Alexandra, ndipo tuendelee na mjadala. Karibuni maswali.