Chumvi na Siki Havimsaidii Poliesta

Asanteni. Naona wengine mmeshafungua madaftari mkisubiri niwatajie rangi ya kununua ya kutia viti vya gari vilivyopauka. Yafungeni kwanza. Mimi siku zote naanzia kwenye kiberiti, na walionisikia kabla ya leo wanivumilie tena.

Nenda garini, inama chini ya kiti, pale kitambaa kilipokunjwa kwa ndani, uchomoe uzi mmoja. Mmoja tu, usinyofoe kipande! Toka nao nje, mbali na gari, ushike kwa kibano juu ya sahani ya bati, uuwashe. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, hiyo ni pamba. Ukisinyaa, ukayeyuka, ukabaki kijidonge kigumu kama shanga, hizo ni nyuzi za kiwandani, na kwenye viti vya magari mara nyingi ni poliesta. Kama ni poliesta, ile pakiti ya rangi ya nguo uliyokwisha kuinunua katie fulana.

Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941, na tabia yake ni kutokunywa maji. Ndiyo maana nguo yake ukiianika inakauka upesi. Rangi ya pamba husafiri ndani ya maji. Sasa maji yasipopokelewa, rangi itaingiaje? Ipo rangi ya poliesta, lakini inataka joto la kuufungua uzi: viwandani hufikia nyuzi 130 za sentigredi, chini ya shinikizo. Nyumbani watu huchemsha kitambaa muda mrefu kwenye sufuria. Haya, kiti chako kina sponji, vyuma na nyaya. Utakichemshia wapi?

Hapo ndipo mtu hunijibu, "Nitatia chumvi." Mwingine, "Nitatia siki." Jamani! Chumvi huisaidia rangi kushika pamba. Siki ni ya sufu, hariri na nailoni, tena palipo na moto. Kwa poliesta unaunga mchuzi tu.

Nami niliuunga. Viti viwili vya mbele, rangi nyeusi, chumvi bila kipimo, bomba la kupulizia dawa mimea ndilo chombo changu. Vilikauka vikapendeza, nikawaita watu waje kuona. Wiki ile ile nikampa binamu yangu lifti, anakwenda kwenye usaili wa kazi, shati jeupe limenyooshwa. Jua kali, foleni, jasho. Aliposhuka nikaona mgongo wake: kiti changu chote kimo mle, hadi mistari ya mishono. Sikumwambia. Nilinyamaza, Mungu anisamehe, nikijipa moyo kwamba wanaosaili hukaa mbele ya mtu. Mpaka leo akipanda gari langu anakaa nyuma, kule ambako rangi iliniishia.

Utasema, "Ya jirani yangu ilishika." Ilishika au ilikauka? Lowesha kitambaa cheupe, sugua kiti chake kwa nguvu, kisha njoo tuzungumze.

Kinachofaa nyumbani ni rangi ya kupaka, ile yenye gundi ya akriliki, iliyoandikwa kuwa ni ya vitambaa vya viti. Hiyo haiingii ndani ya uzi, inaung'ang'ania kwa juu. Kwa hiyo ukiimwaga nene unapata turubai. Puliza tabaka nyembamba, ipige brashi laini ingali mbichi ili nyuzi zisigandamane, iache ikauke, urudie. Rangi iwe sawa na ya kiti au iliyokoza zaidi. Jaribu kwanza mahali pa kificho.

Ila osha kabla ya yote! Viti vingi ninavyoletewa "vimepauka" ni vichafu tu. Chomoa kile cha kuegemeza kichwa, tazama kitambaa kilichojificha chini yake. Jua halikufika pale. Kama rangi ya pale inafanana na ya upande wa dirishani, kiti chako kinataka sabuni, si rangi. Na mafuta ya jasho yakibaki, gundi haishiki.

Naonyeshwa saa, basi haraka. Mikanda msiiguse: watengenezaji wa magari wanakataza kuitia rangi wala dawa ya kung'arisha, maana nyuzi zake hudhoofika. Kiti chenye mfuko wa hewa ubavuni, ule unaofumuka gari likigonga, mshono ule usiugandishe kwa rangi, ndipo unapopasukia. Kiti cha abiria kinaweza kuwa na kihisio cha uzito, kifaa kinachotambua kama mtu amekaa, msikiloweshe chapachapa. Milango yote wazi, barakoa usoni. Nilitaka kugusia viti vyenye manyoya, leo haiwezekani.

Maswali. Ndiyo, dada pale nyuma.

Majani ya chai? Dada, tulikuwa wote humu?