Binti Yangu Kaolewa, Kwenye Kodi Bado ni Wangu?

Asalaam aleikum jamani, hamjambo? Leo niko jikoni, na haya makaratasi mnayoyaona mezani ni ya kodi. Watu wangu wa Tanga, wa Unguja, na nyie wa hapa hapa Ohio mnaonitazama kimya kimya, karibuni.

Mwezi wa pili mkwe wangu kanipigia simu, kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Samahani, najaza kodi lakini kompyuta inakataa. Inasema mke wangu kashaandikwa na mtu mwingine." Nikaketi. Kumbe huyo mtu mwingine ni mimi!

Ngoja niwaeleze walio nyumbani. Huko kodi ya PAYE inakatwa kwenye mshahara na haiulizi una watoto wangapi. Huku, kufikia tarehe 15 Aprili unatakiwa uwe umeshawajazia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ndiyo TRA ya huku, fomu ya 1040: ulipata kiasi gani, ulikatwa kiasi gani, na unamlea nani. Huyo unayemlea ndiye tegemezi. Kwa kodi ya 2025, mtoto aliye chini ya miaka 17 anaweza kukupunguzia kodi mpaka dola 2,200. Akishavuka hapo, kama bado ni tegemezi wako, ni dola 500 tu.

Sasa binti yangu ana miaka 21, anasoma chuo na ada inalipwa na skolashipu. Kaolewa tarehe 27 Desemba. Mwaka mzima kalala kwangu, kala kwangu. Tulipokwenda kwa mtu wa kujaza fomu akauliza, "Wategemezi ni wale wale?" Baba yake akajibu, "Wale wale." Basi. Hakuuliza kama kuna harusi, na sisi harufu ya pilau ya harusi bado iko kwenye mapazia hatukukumbuka kusema.

Watu wengi wanadhani mtoto akishaolewa ndiyo basi, hawezi kuwa tegemezi wako. Sivyo. Mwanafunzi wa muda wote aliye chini ya miaka 24, aliyekaa kwako zaidi ya nusu mwaka, na asiyejilipia mwenyewe zaidi ya nusu ya matumizi yake, bado unaweza kumwandika hata kama ana mume. Hata skolashipu haihesabiwi kuwa kajilipia. Kinachomtoa ni fomu: yeye na mumewe wakijaza kodi kwa pamoja, wewe mzazi humwandiki tena. Na kwa IRS, aliyeolewa hata tarehe 31 Desemba anahesabiwa kaolewa mwaka mzima. (Ndoa inayotambuliwa na sheria ya jimbo, lakini. Nikah ya msikitini bila leseni ya mahakama hapa Ohio ni habari nyingine.)

Kuna mwanya mmoja. Wakiwa wote wawili wana vipato vidogo, kila mmoja hata akijaza peke yake hadaiwi senti, na wamejaza pamoja ili tu warudishiwe walichokatwa, mzazi bado anaweza kumwandika mwanawe.

Mkwe wangu hakuingia hapo. Yuko bohari, kapata dola 38,000, na binti kapata 6,000 kwa vibarua vya chuo. Tukakaa hapa mezani na kikokotoo. Wakijaza pamoja, dola 31,500 za mwanzo haziguswi na kodi, kodi yao inakuja 1,250. Kila mtu akijaza kivyake, binti hadaiwi kitu ila mume anadaiwa kama 2,430. Yaani mimi nikiing'ang'ania 500 yangu, vijana wanapoteza karibu 1,180. Baba yake akanitazama, nami nikamtazama. Tukajaza 1040-X ya kusahihisha, tukarudisha 500, wao wakatuma fomu yao ya pamoja ya karatasi kwa posta, maana kompyuta ilishakataa.

Nyie mnaolea peke yenu, hapo msiige haraka. Kama huyo binti ndiye pekee anayekupa hadhi ya mkuu wa kaya, yaani ile nafuu ya kodi ya anayelea peke yake, unayopoteza si 500 tu. Kiasi kisichotozwa kodi kinashuka kutoka 23,625 hadi 15,750. Kaeni na wakwe zenu mhesabu kabla yeyote hajatuma.

Na wewe dada uliyeniuliza kama unaweza kuwaandika wapwa zako unaowasomesha Tanga: hapana, mpenzi. Tegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkaazi wa huku kwa sheria za kodi, au awe anaishi Kanada au Meksiko. Tanga haimo. Ningekuwa nao kumi na mbili mimi!

Mkwe marejesho yake yalipoingia kaniletea mfuko wa mchele na kanga doti moja. Nimepiga hesabu kimoyomoyo, haifiki 500. Lakini nimepokea.